Mboji, Chakula cha Miche ya Miti

Mwezi huu twawaletea habari za kazi ya mikono, nayo ni kazi ya kulea miche ya miti kwa mboji ndani ya nyumba ya kitalu. Twaeleza habari hizi kwa sababu mbili. Kwanza, waalimu kadha wa kadha wametuuliza jinsi ya kuifanya kazi hii, na kumjibu kila mmoja kwa barua yake hatuwezi. Pili, sisi wenyewe tulikosea, na hasara ya kosa letu iliwapata watu wengine zaidi kuliko ilivyotupata sisi. Mtu aliyetumbukia shimoni usiku, asubuhi hana budi kuwaonyesha wenzake mahali shimo lilipo.

KOSA LETU

Sisi twakaa katika milima ya Usambara. Ye yote aliyepata kufika huku ajua jinsi mashamba yetu yalivyo juu ya miteremko mikali, na jinsi mvua ya masika ichukuavyo udongo mwekundu na kuutelemsha mpaka mtoni. Chini ya shule yetu ipo chemchemi inayotegemewa na vijiji viwili. Miti iliyokuwa juu yake ilikatwa kidogo kidogo, huyu kwa kuni, huyu kwa shamba la mahindi, wala hakuna mtu mmoja awezaye kunyoshewa kidole. Lakini ukifika mwezi wa Februari maji yalikuwa membamba kama kidole cha mtoto, na wanafunzi walikuja shuleni wamechelewa kwa kungojea zamu ya kuteka. Basi wazazi walikutana, wakakubaliana ya kuwa hapana budi kupanda miti, na kazi ya kulea miche wakatukabidhi sisi wa shule.

Nyumba 43 ziliingia katika shauri hilo. Kila nyumba ilitoa siku mbili za kazi na vikapu viwili vya samadi. Nasi tuliahidi kuirudishia kila nyumba miche 30 ya kupanda mipakani mwa shamba lake, na itakayobaki ipandwe juu ya chemchemi.

Tulijenga nyumba ya kitalu kwa nguzo za miti na karatasi nyeupe ya nailoni. Huku kwetu baridi ya Juni na Julai ni kali, na ukungu hushuka mpaka mlangoni, na mbegu zilizosiwa nje hukawia sana kuota. Nyumba ya namna hiyo hushika joto la jua la mchana, tena huikinga miche na matone makubwa ya mvua, na kuku, na mbuzi. Wazo hilo lilikuwa jema. Kosa lilikuwa katika chakula. Samadi ililetwa kutoka mazizini ingali mbichi, na sisi tulikuwa na haraka. Tuliichanganya nusu kwa nusu na udongo, tukajaza viriba 2,000, tukahamishia humo miche midogo ya mgrivilea, kisha tukafunga mlango ili joto lisitoke.

Siku ya nne ncha za majani zilikuwa za manjano. Siku ya sita zilikuwa kahawia, kama zilizopitishwa juu ya moto. Siku ya tisa tulihesabu miche iliyosimama, tukapata 118. Wazazi hawakutukemea. Walikuja mmoja mmoja, wakachungulia mlangoni, wakasema, "Pole, Mwalimu," wakaenda zao. Ingekuwa afadhali kama wangalitukemea.

Jioni moja alikuja bibi mmoja mjane, ambaye migomba yake ni mizuri kuliko yote ya kijiji. Hakuingia katika nyumba ya kitalu, bali alisimama mlangoni akifuta machozi.

"Bibi, walia kwa ajili ya miche?" tulimwuliza.

"Silii, Mwalimu. Ni harufu hii, yaingia machoni. Ikiwa mimi mtu mzima yanitoa machozi, je, majani mateketeke?"

Kisha akatupeleka kwenye chungu ya samadi iliyobaki, akatuambia tutie mkono ndani. Tulitia, tukautoa upesi, maana ndani kulikuwa na moto.

"Haijalala," alisema. "Umewalisha watoto wachanga uji unaochemka."

"Lakini Bibi, migomba yako watia samadi kila mwaka, nayo yastawi."

"Migomba yangu ni watu wazima, tena samadi yangu imekwisha lala miezi mingi chini ya majani kabla sijaichukua. Samadi ni kama neno la hasira, Mwalimu. Ilaze kwanza, ndipo uitoe."

Twakiri ya kuwa sisi tuliosoma tulifundishwa siku ile na mtu asiyejua kuandika jina lake.

SABABU YA JAMBO HILO

Baadaye tulitafuta maana ya maneno yake, tukaona ni ya kweli kabisa. Samadi mbichi hutoa hewa kali iitwayo amonia, ndiyo ile iumizayo macho. Nje upepo huichukua, lakini katika nyumba iliyofungwa hukaa humo humo na kuunguza majani. Tena samadi mbichi ina chumvi nyingi, na chumvi ikizidi katika udongo, mizizi midogo haiwezi kunywa maji, hata kama kiriba kimelowa. Na tatu, mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa vilivyotoka tumboni mwa mnyama vingali hai ndani yake. Dawa ya mambo yote matatu ni moja: kuiozesha samadi pamoja na majani mpaka iwe mboji.

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1909 mtaalamu wa udongo kutoka Marekani, F. H. King, alisafiri China, Korea na Japani, akaona wakulima walioitumia ardhi ile ile kwa karne nyingi bila kuichosha, kwa kuwa kila takataka waliirudisha shambani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1911. Baadaye Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore katika Uhindi tangu 1924 hata 1931, alipanga njia nzuri ya kuchanganya majani, mabua, samadi na majivu, na kuyapindua kwa zamu mpaka yawe mboji. Howard mwenyewe alikiri ya kuwa wakulima wa Uhindi walikuwa waalimu wake. Mwaka 1933 njia hiyo ilianza kutumiwa Kenya katika shamba moja la kahawa karibu na Kiambu.

Wala tusidhani ya kuwa sisi Waafrika tulingoja kufundishwa. Watu wa Buhaya wametandaza nyasi na samadi katika vibanja vyao vya migomba tangu zamani, na Wachagga katika vihamba vyao hali kadhalika. Yule bibi hakupata habari za Indore, na mboji yake ilikuwa imeiva.

JINSI YA KUFANYA MBOJI

Chagueni mahali penye kivuli, karibu na maji, pasipotuama maji ya mvua. Pimeni mita moja na nusu kila upande. Kwanza tandikeni mabua ya mahindi au matawi membamba, ili hewa ipate kupita chini. Juu yake tieni majani makavu na nyasi, kimo cha shibiri moja. Kisha majani mabichi, magugu yasiyo na mbegu, na maganda ya ndizi, nusu ya kimo hicho. Kisha samadi, kimo cha vidole vitatu. Mwisho nyunyizeni udongo kidogo wa juu na majivu kidogo sana. Mwagieni maji, kisha anzeni tena tabaka nyingine kwa utaratibu ule ule, mpaka chungu ifike kifuani. Ifunikeni kwa majani ya migomba, ili jua lisiikaushe na mvua isiioshe.

Vitu vikavu na vitu vibichi ni lazima viwe pamoja. Vijidudu viozeshavyo vyahitaji vyakula viwili, kaboni iliyo nyingi katika vitu vikavu, na naitrojeni iliyo nyingi katika majani mabichi na samadi. Kipimo kizuri ni kaboni sehemu 25 mpaka 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Hamhitaji mizani. Chungu ikinuka vibaya, vitu vibichi au maji vimezidi. Ongezeni vikavu na kuipindua. Ikiwa haipati joto, vitu vikavu vimezidi au maji yamepungua. Ongezeni samadi na maji. Maji yawe kiasi hiki: ukikamata konzi moja na kuiminya kwa nguvu, litoke tone moja au mawili tu.

Chomekeni kijiti kirefu katikati ya chungu, kiende mpaka ndani. Hicho ndicho kipima joto cha mtu asiye na kipima joto. Baada ya siku tatu au nne kitoeni na kukishika. Kikiwa cha moto hata mkono hauwezi kukishika kwa muda, kazi yaendelea vizuri. Joto likifika nyuzi 55 mpaka 60 za Sentigredi na kukaa siku kadha, mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa hufa. Lakini joto hilo ni la katikati tu, pembeni halifiki. Kwa hiyo baada ya majuma mawili au matatu pindueni chungu yote, kilichokuwa nje kiwe ndani, na kilichokuwa ndani kiwe nje. Pindueni tena baada ya majuma matatu mengine. Kwa kawaida baada ya miezi mitatu mboji iko tayari. Lakini huku kwetu penye baridi tumeona heri kungoja minne.

Msitie nyama, wala mafuta, wala kinyesi cha mbwa au cha watu, wala mimea iliyokufa kwa ugonjwa. Unga wa mbao utokao kwa wapasuaji usitiwe mwingi, maana ni mgumu kuoza. Nao ukiingia katika kiriba haujaoza, huinyang'anya miche naitrojeni, majani yakawa ya manjano.

JINSI YA KUJUA YA KUWA IMEIVA

Hapa ndipo watu wengi huharibikiwa, kama sisi, kwa sababu ya haraka. Mboji iliyoiva ina dalili nne. Ni nyeusi au kahawia nzito. Haina joto, hata ukiipindua. Yanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Nayo haionyeshi tena kitu kilichotoka wapi, hili ni bua au hili ni jani.

Lakini macho na pua vyaweza kudanganya. Basi ijaribuni kwa mbegu. Jazeni mboji iliyochekechwa katika chombo kimoja, na udongo wa kawaida wa shamba katika chombo cha pili, mkasie katika kila kimoja mbegu 20 za mchicha. Vitunzeni sawasawa kwa siku kumi. Mbegu za mboji zikiota kwa wingi na uzuri kama zile za udongo, mboji imeiva. Zikiota chache, au zikiota na kunyauka, rudisheni mboji ikalale mwezi mmoja zaidi. Mchicha wa shilingi chache uliokufa si hasara, miche 2,000 iliyokufa ni hasara. Waalimu, hili ni somo zuri kwa watoto, nao wahesabu wenyewe na kuandika katika madaftari yao.

KUCHANGANYA UDONGO NA KUJAZA VIRIBA

Mboji ni chakula, si nyumba. Mche uliopandwa katika mboji tupu haukai imara, maana mboji huendelea kuzama na kupungua, tena chumvi yake yaweza kuzidi. Sisi twatumia debe mbili za udongo mzuri, debe moja ya mboji iliyochekechwa, na debe moja ya mchanga wa mtoni. Kama udongo wenu ni wa kichanga, punguzeni mchanga. Kama ni wa mfinyanzi, ongezeni kidogo.

Fanyeni hesabu kabla ya kuanza. Kiriba chenye upana wa sentimita 10 kikiwa kimelazwa, na kimo cha sentimita 15, hupokea kama nusu lita. Basi viriba 2,000 vyataka lita 1,000, nazo ni debe 50 za lita 20. Katika hizo, udongo ni debe 25, mboji debe 12 na nusu, na mchanga debe 12 na nusu. Chungu moja ya kimo tulichosema yatosha na kubaki. Na ambaye hana fedha za kununua viriba, asokote vikombe kwa magome makavu ya mgomba. Navyo vyaweza kuzikwa shambani pamoja na mche.

Watu wengine huenda msituni kuchota udongo mweusi. Udongo ule ni mzuri, lakini tukiuchota wote kwa ajili ya vitalu, twauvua msitu nguo yake ili tuivike miche yetu. Mboji ndiyo ituwezeshayo kuuacha msitu ukae na udongo wake.

Walakini yapo mambo ambayo udongo kidogo wa chini ya miti mikubwa wafaa sana, hasa kwa misindano. Mizizi ya msindano hushirikiana na kuvu walio ardhini. Kuvu hutandaza nyuzi nyembamba sana mbali kuliko mizizi iwezavyo kufika, huleta maji na fosforasi, na mti hulipa kwa sukari ifanywayo na majani. Misindano ilipoletwa mara ya kwanza katika nchi nyingi za Afrika, miche yake mingi ilidumaa, kwa sababu kuvu hao hawakuwako katika udongo. Wenye misitu walipochukua udongo kutoka chini ya misindano iliyostawi na kuutia kitaluni, miche ilikua. Nako Uingereza, katika nchi kavu ya Wareham, bibi mmoja mtaalamu, M. C. Rayner, alifanya majaribio miaka ya 1930. Miche ya misindano iliyokuwa imedumaa katika udongo ule mbaya ilistawi alipotia mboji, na mizizi yake ikajaa wale kuvu. Basi mwenye kulea misindano na achanganye konzi chache za udongo kutoka chini ya misindano iliyokomaa, wala asitie majivu, maana msindano wapenda udongo wenye uchachu.

MATUNZO NDANI YA NYUMBA YA KITALU

Nyumba ya kitalu ni kama nyumba ya mgonjwa, yaweza kuponya na yaweza kuua. Mwaka 1876 mbegu za mpira kama 70,000 zililetwa kutoka Brazili na Mwingereza Henry Wickham, zikasiwa katika nyumba za vioo za bustani ya Kew karibu na London. Zilizoota hazikufika 3,000, maana mbegu hizo hufa upesi njiani. Lakini zile chache zililelewa vizuri, zikapelekwa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, na kutoka huko mashamba makubwa ya mpira ya Asia yakaenea. Hapa twajifunza mambo mawili. Mbegu iwe mpya, na itakayoota ilelewe kwa uangalifu.

Mbegu za mgrivilea zikusanywe wakati vifuko vyake vianzapo kugeuka rangi, kabla havijapasuka, maana zina mabawa na upepo huzichukua. Mbegu za mwarobaini zisiwe hata katika majuma mawili baada ya kuchumwa. Mbegu za mjohoro zina ganda gumu, nazo hufaa kumwagiwa maji ya moto na kuachwa humo mpaka yapoe, usiku kucha.

Adui mkubwa ndani ya nyumba ya kitalu ni kinyausi. Huu ni ugonjwa wa kuvu wabaya. Mche waonekana mzima jioni, na asubuhi shina limenyong'onyea pale pagusanapo na udongo, nao umelala. Kinyausi hupenda unyevu mwingi, msongamano, na hewa isiyotembea. Kwa hiyo sieni mbegu mbalimbali. Mwagieni maji asubuhi, wala si jioni, ili majani yalale makavu. Fungueni mlango na madirisha kila siku jua likishapanda, na kufunga kabla baridi haijaingia. Siku ya jua kali nyumba ya nailoni yaweza kuwa tanuru. Joto likipita nyuzi 35 miche huanza kuteseka, basi tandazeni makuti au nyasi juu ya paa. Mboji iliyopata joto vizuri husaidia, maana imejaa vijidudu vyema vinavyopigana na wale wabaya. Lakini mboji peke yake haiwezi kumwokoa mvivu wa kufungua dirisha.

Mnapohamisha mche mdogo kutoka tutani kwenda kiribani, tazameni mzizi wake. Tundu lisipokuwa refu, mzizi hujikunja na kuelekea juu kama ndoana. Mche huo hukua kwa muda, lakini mti wake huja kuanguka au kudumaa. Heri mzizi mrefu uliokatwa ncha kwa kisu safi, kuliko uliokunjwa. Na viriba viinuliwe juu ya chanja, mizizi itokayo chini ikutane na hewa na kukoma, isije ikajichimbia ardhini na kukatika siku ya kusafirishwa.

Mwezi mmoja kabla ya masika, anzeni kuizoesha miche. Ondoeni kivuli kidogo kidogo, punguzeni maji, kisha itoeni nje mchana na mwisho hata usiku. Mtoto aliyelelewa jikoni hapelekwi kuchunga mbuzi siku ya kwanza ya mvua ya mawe. Na siku ya kupanda, ondoeni kiriba cha nailoni chote. Mtu akikiacha, amefunga miguu ya mti.

MWISHO WA HABARI YETU

Mwaka wa pili tulianza chungu ya mboji mwezi wa Machi, tukaipindua mara mbili, tukaijaribu kwa mchicha, na mwezi wa Agosti tukajaza viriba 2,000. Katika hivyo tulipata miche hai 1,640. Siku ya kugawa, sisi tulitaka kwanza kupanda juu ya chemchemi, kwa kuwa ndiko watu wengi watakakotazama. Tulimwuliza yule bibi shauri lake.

"Ni nani waliotoa samadi mwaka ule?" alisema. "Anza na deni, Mwalimu. Mtu asiyelipwa hatalinda mti wa mwenzake."

Tuliona haya, maana alisema kweli. Tuligawa miche 30 kwa kila nyumba, jumla 1,290, na watu wakaipokea bila kutaja habari za mwaka uliopita. Ikabaki 350. Hiyo tuliipanda juu ya chemchemi, pamoja na vipandikizi vya mikuyu, ambayo wazee wetu waliiheshimu penye maji. Mikaratasi, yaani mikaratusi, hatukuipanda huko, maana hunywa maji mengi. Nyumba zote 43 zilikuja kuchimba mashimo, hata wale ambao mashamba yao yako mbali.

Hatusemi ya kuwa chemchemi imekwisha rudi kama zamani. Miti yetu mirefu yafika kifuani tu, na kilima kilichovuliwa nguo kwa miaka mingi hakivikwi kwa mwaka mmoja. Lakini masika iliyopita udongo haukutelemka juu ya njia ya kuteka maji kama ulivyozoea, na watoto wajua kila mti ni wa zamu ya nani kuutazama.

Ndugu zetu, kazi za namna hii zilianza mahali pengine kwa vitu vidogo kuliko hivi. Mwaka 1922 huko Kenya, Richard St. Barbe Baker na Chifu Josiah Njonjo waliwakusanya Wakikuyu walioitwa Watu wa Miti, waliojitolea kupanda na kulinda miti. Na mwaka 1977 Wangari Maathai alianza na miche saba huko Nairobi. Akina mama wa vijijini wakalea miche katika makopo na vyungu vilivyovunjika, na baadaye miti ikawa mamilioni. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Hao mama hawakuwa na nyumba za vioo, walikuwa na udongo uliotunzwa na subira.

Basi twawasihi mwezi huu, kila nyumba ianze chungu moja ya mboji nyuma ya jiko, na kila shule moja kando ya bustani. Majani mnayoyachoma kila Jumamosi ni chakula mnachokitupa motoni. Msiogope kuwa wadogo wa kuanza, bali ogopeni haraka. Na katika kila kijiji yupo bibi au mzee ambaye migomba yake yawashinda wote. Nendeni kwake kabla hamjajaza kiriba cha kwanza, mkamwulize. Sisi tulimwuliza baada ya hasara. Ninyi mwulizeni kabla.